Mtihani, Matayarisho na Amana

Hotuba iliyosomwa na Sheikh mbele ya mkutano wa Jumuiya, Buyenzi, Bujumbura

 



Jumuiya imeniamuru niseme machache juu ya elimu. Hapana shaka wengi mwatazamia niseme juu ya chuo cha Kurani, maana ndiko nilikolelewa, na masomo yangu ya serikali yaliishia shule ya msingi. Lakini leo nitasema juu ya mtihani ambao mimi sikuufanya wala sitaufanya. Mtihani huo waitwa GMAT.

Sababu ni hii. Kijana mmoja wa mtaa wetu, mwenye shahada yake ya kwanza, alinijia baada ya sala ya Isha akasema, "Sheikh, yuko mtu asemaye kwamba anayo maswali yenyewe ya mtihani, naye ayauza. Je, yafaa kununua?" Jibu nililijua papo hapo. Lakini nilitaka kujua ni hofu gani iliyompata kijana mwema hata akafikia kuuliza hivyo. Nikamwambia, "Mwanangu, kesho njoo na kitabu chako unifundishe mtihani huo." Akaja siku tatu.

Nikafahamu kwamba mwaka 1953 vyuo tisa vya biashara vya Marekani vilipatana kuwa na kipimo kimoja cha kuwachagua waombaji, na mwaka 1954 mtihani ukaanza. Leo vyuo vya nchi nyingi hupokea alama zake kwa wanaotaka shahada ya pili ya biashara, ingawa vingine hupokea mitihani mingine, na vingine havidai mtihani wowote. Kwa hiyo la kwanza, kijana na aulize chuo chake chataka nini kabla ya kutoa hata faranga moja, kwani ada yake huhesabiwa kwa dola, nayo ni nzito.

Mtihani wenyewe hufanywa kwa kompyuta, una sehemu tatu, na kila sehemu ni dakika 45. Hesabu ina maswali 21. Kusoma na kupima hoja, maswali 23. Na kuchambua taarifa, maswali 20. Basi kila swali lapata kama dakika mbili tu. Alama huanzia 205 hata 805.

Katika sehemu ile ya tatu mna aina ya maswali iliyonistaajabisha. Mathalan: mfanyabiashara aliuza mchele, je, alipata faida ya faranga ngapi? Taarifa ya kwanza yasema aliuza kwa bei iliyozidi bei ya kununulia kwa asilimia 20. Taarifa ya pili yasema alinunua kwa faranga 600,000. Mtihani haukuulizi faida ni kiasi gani. Wakuuliza: je, taarifa hizi zatosha kujua? Ya kwanza peke yake haitoshi, na ya pili peke yake haitoshi. Zikiwa pamoja zatosha. Nikacheka, nikamwambia kijana, "Hii ni kazi ya kadhi! Kadhi hahukumu kabla ya kupima kama ushahidi umetosha." Naye akasema kwamba tangu siku ile swali la namna hiyo halimtishi tena.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipopata jibu kamili la swali lake. Mtihani huu haupimi kuhifadhi. Wapima akili katika kupambanua, tena kwa haraka. Aliyenunua majibu hakununua akili hiyo. Atafika chuoni mtupu, na aliyestahili nafasi ile atakuwa amedhulumiwa. Hiyo ni hiana, nayo ni haramu, hata kama hakuna aonaye. Tena hata hapa duniani ina malipo: mwaka 2008 mahakama moja ya Marekani iliwatoza waliouza maswali ya mtihani huu zaidi ya dola milioni mbili, na baadhi ya waliohusika nao wakafutiwa alama zao.

Njia ya halali ipo, nayo ni ya subira. Wenye mtihani hutoa mitihani miwili ya mazoezi bila malipo. Kijana na aanze na mmoja, ajue amesimama wapi, kisha ajitengee miezi, si siku. Awe na daftari la makosa, aandike kila swali alilokosa na sababu yake: je, hakujua, au alifanya pupa, au hakusoma vema? Hivyo ndivyo mwalimu wetu chuoni alivyofanya: hukufuta ubao wako mpaka umeusoma bila kosa. Akishindwa mara ya kwanza, aweza kurudia baada ya siku 16, na alama atakazopata zadumu miaka mitano.

Kwa vijana wetu kuna mlima mwingine. Wamesomeshwa kwa Kifaransa, na mtihani ni wa Kiingereza. Wala asidhani atauepuka kwa kwenda Ufaransa, kwani hata INSEAD ya Fontainebleau husomesha biashara kwa Kiingereza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Lakini nasi wazee tunalo letu. Kijana yule aliniambia kwamba nyumbani kwao hapati saa mbili za utulivu: mara aitwa dukani, mara kwa wageni. Tukimnyima wakati, kisha tukamlaumu kwa kutafuta njia ya mkato, tumemwonea. Kwa hiyo naiomba Jumuiya mambo mawili: chumba kimoja cha madrasa kifunguliwe kila usiku baada ya Isha, chenye taa na ukimya, na apatikane mwalimu wa Kiingereza, hata kwa siku mbili za juma. Mimi nitashika ufunguo na kuketi mlangoni.

Kijana hakununua. Matokeo yake yako mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na daftari lake limekwisha jaa. Mola awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa na riziki ya halali. Amin.