Siku Nane za Kujificha

Somo: Walawi 13; Luka 17:11-19

  

Jumapili moja jioni, watu wakiisha kwenda zao, kijana mmoja alibaki kanisani. Ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa mjini. Mkewe ana mimba ya miezi mitano. Alikaa kwenye benchi la nyuma hata mlinzi akaanza kufunga madirisha. Tulipomkaribia alisema maneno mawili tu: "Mchungaji, nimejiua."

Siku nane kabla ya hapo alikuwa amelala na mwanamke asiyemjua vema, bila kinga. Tangu usiku ule hakupata usingizi. Kila asubuhi alijipapasa shingo akitafuta tezi. Joto la jua la mchana aliliita homa. Mara tatu alifika penye lango la hospitali, na mara tatu akarudi, kwa kuwa alimwona mtu wa kanisani. Nyumbani alimwambia mkewe kwamba mgongo wamsumbua, akawa analala kwenye kochi.

Ndugu msikilizaji, Adamu alipokosa alikimbilia miti ya bustani. Kijana huyu aliikimbilia miti yake. Lakini hofu iliyofichwa haipungui, huota mizizi.

Hatukuanza kwa kumhubiria. Dhambi yake aliijua kuliko sisi. Tulimsomea habari za wale wenye ukoma kumi. Bwana Yesu hakuwaponya pale pale waliposimama. Aliwatuma waende wakajionyeshe kwa makuhani, maana katika Sheria makuhani ndio waliochunguza. Wakaondoka na madoa yao bado mwilini, na walipokuwa njiani wakatakasika. Hatusemi kwamba kila aendaye kupimwa atakuta hana virusi. Wala hatusemi kwamba mwenye virusi ni najisi, hasha! Tunasema hivi: waliondoka kabla ya kujua. Imani yao ilikuwa miguuni.

Tena tazameni Walawi 13. Kuhani asipokuwa na hakika, hakukisia. Alimtenga mtu siku saba, akamtazama tena, na pengine siku saba nyingine. Kungoja na kupimwa mara ya pili si jambo geni katika Maandiko.

Basi na tuseme wazi yale tuliyojifunza kwa waganga, kwa kuwa kutojua kumeua wengi. Dalili hazimwambii mtu kitu. Homa na koo kuuma huletwa na magonjwa mengi, na mwenye virusi vya Ukimwi aweza kukaa miaka akiwa na afya machoni pa watu. Si kila tendo moja huambukiza. Lakini hakuna ajuaye ila kwa kipimo. Ni tone la damu kidoleni na kungoja kwa dakika chache. Kipimo cha mapema chaweza kukosa kuona maambukizo mapya, kwa hiyo mtu hupimwa tena mpaka miezi mitatu itimie. Katika muda huo amlinde mwenzake, kwa kujizuia au kwa kutumia mpira kila mara.

Na liko jambo lililotuchoma moyo. Zipo dawa za kuzuia maambukizo kwa mtu aliyekwisha kuingia hatarini. Lazima zianzwe upesi, kabla ya saa 72 kupita, na humezwa kwa siku 28. Kijana wetu alikuja siku ya nane. Mlango ule ulikuwa umefungwa.

Kwa nini alikawia? Tulijiuliza sisi wenyewe, na jibu halikutupendeza. Ugonjwa huu ulitambuliwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1984. Ilipofika Novemba 1999, Rais Moi alipoutangaza kuwa janga la taifa, makaburi yalikuwa mengi. Na sisi kanisani? Wengi wetu tuliuita adhabu. Tulizika watu tukitaja kifua kikuu au malaria, tukanong'ona tukirudi nyumbani. Kijana alikua akisikia minong'ono ile. Aliogopa virusi, lakini alituogopa sisi zaidi. Kwa hili tumemwomba Mungu msamaha, na kijana pia.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 yasema mtu apimwe kwa hiari yake, na majibu yake yawe siri. Je, kanisa litatunza siri vibaya kuliko sheria ya serikali?

Jumatatu asubuhi tulikwenda naye hospitali. Tulikaa naye kwenye foleni, naye hakuficha uso. Usiku ule alimweleza mkewe. Mama yule alilia sana, akakaa siku mbili bila kusema naye. Siku ya tatu alisema, "Twende wote." Alifanya vema, maana mama mjamzito akikutwa na virusi na akianza dawa mapema, mtoto aweza kuzaliwa salama. Na mtu yeyote amezaye dawa zake kila siku, hata virusi visionekane tena katika kipimo cha damu, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa.

Mtauliza: majibu yalikuwaje? Wapenzi, majibu yale ni yao wawili. Hatutayasema redioni. Twaweza kusema tu kwamba kochi halina mtu sasa, na fundi analala usiku.

Wewe unayetusikiliza huku ukihesabu siku kwenye kalenda, ondoka leo. Kama saa 72 hazijapita, usingoje hata neno hili liishe. Kama zimepita, nenda vivyo hivyo. Bwana aliyetembea bustanini akimtafuta Adamu hakuja kumwangamiza, alimtengenezea mavazi.

Na tuombe. Ee Bwana, wape miguu wanaoogopa. Utupe sisi midomo inayotunza siri na mikono inayoshika mkono wa mwingine kwenye foleni. Amina.