Kinundu cha Mkono: Kisipigwe Wala Kisitumbuliwe Nyumbani



Pengine mtu huona kinundu juu ya kifundo cha mkono wake, akaingiwa na hofu kwamba ni saratani. Yafaa tujue ya kwamba mara nyingi sivyo. Ni kifuko kidogo kilichotoka katika kiungo au katika ala ya kano, kikajaa ute mzito kama ule unaolainisha viungo vyetu. Kifuko hicho hakigeuki kuwa saratani. Huwapata zaidi watu wa miaka 20 hadi 40, na wanawake kuliko wanaume.

Daktari hukitambuaje? Hukibonyeza, hutazama jinsi vidole vinavyokunjika, kisha hukimulika kwa kurunzi mahali penye giza. Kikiwa na ute, mwanga hupenya. Kikiwa ni nyama ngumu, haupenyi. Akiwa na shaka hupiga picha ya altrasaundi.

Kisipouma, dawa ya kwanza ni subira, kwani karibu nusu ya vinundu hivi hutoweka vyenyewe, ingawa pengine baada ya miaka. Kikiuma, mkono hufungwa banzi kwa muda ili upumzike. Maumivu yakizidi, daktari huufyonza ute kwa sindano. Lakini mara nyingi hujaa tena, kwa sababu kifuko na shina lake vimebaki. Upasuaji huviondoa vyote viwili, na hata hivyo wako wachache wanaorudiwa.

Zamani huko Ulaya watu walikipiga kinundu kwa kitabu kizito hata kikapasuka. Msifanye hivyo, maana mkono waweza kuumia. Wala msikitumbue kwa wembe. Upande wa kiganja, kinundu huweza kukaa kando ya mshipa mkubwa wa damu. Tena mvuvi akijikata kano, kidole chake hakitakunjika kushika mshipi. Na wembe mchafu huweza kuleta usaha na pepopunda.

Basi, kinundu kikikua upesi, kikiwa chekundu na cha moto, au vidole vikifa ganzi, usingoje. Nenda kwenye zahanati iliyo karibu, au vuka feri ya Likoni uende Hospitali Kuu ya Pwani. Mkono ndio unaolisha nyumba. Usiutie wembe kwa sababu ya kinundu ambacho huenda kingaliondoka chenyewe.