Nani Anayeihesabu Dawa ya Zahanati Yetu?

(Maelezo yaliyotolewa msikitini baada ya Swala ya Magharibi)

Alhamdulillahi Rabbil-aalamiin. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, nani miongoni mwetu hajawahi kuambiwa kwenye dirisha la dawa, "Hiyo hakuna, kanunue nje"? Tukifika barazani tunatoa hukumu papo hapo: muuguzi mwizi, mganga ameiuza. Hukumu hiyo haina shahidi, na Sharia haikutupa ruhusa ya kumwita mtu mwizi bila ya bayana. Na bayana ipo. Imelala ndani ya daftari ambalo hatujapata kuomba lifunguliwe.

Rafu tupu ina sababu zaidi ya moja. Huenda kituo hakikuagiza kwa wakati. Huenda kiliagiza, lakini Bohari ya Dawa haikuwa nayo. Hapo upo utaratibu wa Jazia, ulioanzia Dodoma mwaka 2014 kisha ukaenea mikoa mingine, ambao hukiwezesha kituo kununua kwa mshitiri wa mkoa aliyeteuliwa. Basi swali ni je, mganga mfawidhi aliutumia? Au huenda dawa ilifika, ikapokelewa, kisha ikatoweka. Kosa la uzembe, upungufu wa bohari, na wizi: mambo matatu haya hayatibiwi kwa dawa moja. Mpiga kelele hawezi kuyatenganisha. Anayeweza ni yule aliyeshika hati ya kuagiza, hati ya kupokelea na leja ya stoo, akazilinganisha na makopo yaliyopo rafuni.

Mtu huyo anatakiwa awe mmoja wetu. Kila zahanati na kila kituo cha afya cha Serikali katika Tanzania Bara kinatakiwa kuwa na Kamati ya Usimamizi wa Kituo. Mganga mfawidhi ni katibu wake. Wamo wawakilishi wa wananchi wanaokitumia kituo, na muda wao ni miaka 3. Kamati hujadili mpango na bajeti, husimamia mapato na matumizi, na hushuhudia dawa zinapopokelewa. Juu yake ipo Bodi ya Afya ya Halmashauri. Tangu mwaka wa fedha wa 2017/2018, fedha za mfuko wa pamoja wa afya zilianza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, badala ya kubaki Halmashauri. Kwa hiyo zahanati ya kijijini ina fedha zake, na kamati iliyosinzia sasa inaachia zaidi kuliko zamani.

Wala msidhani hali ilikuwa nzuri. Katika miaka ya 2015 na 2016 Wizara ya Afya ilivipima karibu vituo 7,000 vya ngazi ya msingi kwa nyota, kuanzia sifuri hadi tano. Takriban theluthi moja havikupata hata nyota moja. Miongoni mwa yaliyopimwa ni uwajibikaji wa kituo kwa jamii inayokizunguka, yaani sisi.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya kidunia, hayana nafasi msikitini. Wanazuoni wetu hawakuona hivyo. Shayzari, aliyeandika katika karne ya 12 kitabu cha kumwongoza muhtasibu, yaani msimamizi wa masoko na kazi za watu, ameweka milango mahsusi ya matabibu na wauza dawa. Ameeleza utaratibu wa tabibu kuandika dawa aliyoiagiza na kuacha nakala kwa jamaa wa mgonjwa. Mgonjwa akifariki, jamaa hupeleka nakala zile kwa tabibu mkuu, naye hupima kama mwenzake alifuata kanuni za fani au alizembea. Zingatieni nakala ilikaa kwa nani.

Sisi leo nakala yetu ni muhtasari wa kikao. Kamati ambayo katibu wake huandika muhtasari peke yake, na wajumbe wakatia saini wakiwa wamesimama mlangoni, haisimamii kitu. Mganga mwaminifu naye inamdhuru, kwa kuwa siku atakapotuhumiwa hatakuwa na shahidi.

Nafasi hizi zinapotangazwa, huomba watu wale wale, na wengine hawajawahi kupanga foleni pale zahanati. Mama zetu wanaopeleka watoto kliniki kila mwezi wanajua zaidi kuliko sisi ni siku gani dirisha halifunguliwi. Wao ndio wa kuhimizwa kwanza. Na anayejua kusoma hesabu asijifiche nyuma ya safu.

Kesho muulizeni Mtendaji: wajumbe wa sasa ni akina nani, muda wao unakwisha lini, na taarifa ya mapato na matumizi imebandikwa wapi. Ikiwa ubaoni hakuna kitu, ombeni kwa adabu ibandikwe, kisha rudini kuangalia.

Wabillahi tawfiq.