Mbwa wa Ufuoni Naye Achanjwe



Mbwa akimng'ata mtoto Muhuru Bay au Mfangano, wengi hukimbilia rungu kumsaka mbwa. Mtoto husubiri. Inafaa iwe kinyume: kidonda kioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili, kisha mtoto apelekwe hospitali aanzishiwe chanjo, hata kama ni mkwaruzo tu. Dalili za kichaa cha mbwa huweza kuchelewa kwa wiki au miezi, na familia hudhani hatari imepita. Zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Sasa hao mbwa. Pendekezo lisilokosa barazani ni sumu. Shirika la Afya Duniani limeeleza wazi kwamba kuua mbwa ovyo hakuzuii ugonjwa huu, na sababu haihitaji darasa. Jike hubeba mimba kwa miezi miwili tu, na matumbo ya samaki ufuoni hayaishi. Wakiuawa kumi, nafasi yao inajazwa na wengine ambao hawajachanjwa. Na kati ya waliokufa wamo waliokuwa wamechanjwa, waliokuwa wakikinga kijiji. Tena sumu haichagui kati ya mbwa, kuku na mtoto anayecheza chini.

Kinachofaa ni kuchanja angalau mbwa 7 kati ya kila 10, kila mwaka. Ugonjwa hukosa pa kupitia. Mkakati wa taifa ulioanza 2014 unategemea hilo, na lengo ni kumaliza vifo vya binadamu kufikia 2030. Miaka iliyobaki si mingi.

Kazi ni ngumu, hilo halifichwi. Visiwani chanjo husafiri kwa boti na lazima ikae kwenye baridi. Pale Isebania, mbwa havuki mpaka kwa pasipoti. Lakini yule anayeitwa mbwa asiye na mwenyewe mara nyingi hulala mlangoni pa mtu, na kuna mvulana anayemjua kwa jina. Mvulana huyo ndiye wa kumleta, kwa kamba, pamoja na watoto wa mbwa. Anayetaka wapungue amuulize afisa wa mifugo kuhusu kuhasi, na mabaki ya samaki yafukiwe.

Kadi ya chanjo itunzwe. Mbwa aking'ata mtu, na anaweza kufungwa bila hatari, asiuawe: afungwe na aangaliwe na afisa wa mifugo kwa siku 10, huku aliyeng'atwa akiendelea na chanjo yake hospitalini.