Jina Lililo Chini ya Kiraka

Tarehe 21 Aprili 2021 Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji wakuu wa kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa kompyuta, alitangaza kwamba michango itokayo Chuo Kikuu cha Minnesota haitapokelewa tena, na ile iliyokwisha kuingia itang'olewa hadi ikaguliwe upya. Chuo hicho tunakijua sote: kimekaa kando zote mbili za mto Mississippi, na upande wa magharibi kimepakana na Cedar-Riverside, mtaa ambao Waafrika Mashariki wa jiji la Minneapolis wameufanya wao. Nalitumia tukio hilo kujibu swali ambalo vijana wetu wanaosomea kompyuta huliuliza nusu nusu. Huuliza msimbo wao uwe mzuri kiasi gani ndipo moduli yao ikubaliwe. Nitadai kwamba anayepokea moduli mpya humpokea mtu pamoja na ahadi yake ya kuitunza, na kwamba ahadi hizo zikichezewa, wa kwanza kulipa ni mgeni asiyejulikana.

Moduli ya kerneli ni kipande cha programu kinachoweza kupakiwa na kutolewa huku kompyuta ikiendelea na kazi. Kadi ya mtandao au kamera mara nyingi hutegemea kipande cha namna hiyo. Mwandishi huigawa kazi yake katika viraka, yaani mabadiliko madogo ya msimbo, akavituma kwa barua pepe kwa mtunzaji wa eneo linalohusika, na wengine wakavisoma hadharani, mstari kwa mstari. Ndani ya moduli mna mstari wa kumtaja mwandishi na mstari wa kutaja leseni. Chini ya kila kiraka pana sahihi, yaani jina na anwani, ambayo kwayo mchangiaji anathibitisha kwamba ana haki ya kutoa alichokitoa. Utaratibu huo ulianza mwaka 2004, baada ya kampuni ya SCO kuishitaki IBM mwaka 2003 ikidai kwamba msimbo wa Unix umeingizwa kwenye Linux bila idhini. Lakini mzigo wenyewe huanza moduli ikishapokelewa. Sehemu za ndani za kerneli hubadilishwa kila mara, bila ahadi yoyote kwamba ya jana yatafaa kesho, na anayezibadilisha hulazimika kurekebisha kila moduli iliyomo inayozitegemea, hata kama mwandishi wake amekwisha kuhamia shughuli nyingine. Anayeleta moduli kisha akatoweka amewaachia wenzake mtoto wa kulea.

Watafiti wa Minnesota walitaka kujua kama mwenye nia mbaya anaweza kupenyeza udhaifu wa kiusalama kwa kisingizio cha kurekebisha kosa dogo. Agosti 2020, kwa majina mawili ya bandia, walituma viraka vitano. Bodi ya chuo inayosimamia utafiti juu ya binadamu iliona kazi hiyo haimhusu binadamu, kana kwamba viraka husomwa na mashine. Kwa mujibu wa ripoti ya bodi ya ushauri wa kiufundi ya Linux Foundation, iliyotoka tarehe 5 Mei 2021, vile vyenye kasoro vilikataliwa au vilipuuzwa. Kimoja kilikuwa sahihi, wala wenyewe hawakujua. Kilichowasha moto Aprili 2021 ni viraka vingine, vya mwanafunzi wa kundi lile lile, ambaye alisema vimetokana na programu ya kusaka makosa. Watunzaji walividhania ni mwendelezo wa jaribio. Hapo ndipo hasara inapoonekana vizuri: imani ikishatoka, kosa la mtu mkweli na hila ya mwongo hufanana. Ikabidi michango 435 ya watu wa chuo hicho ikaguliwe upya, kazi ya watu waliokuwa na mambo mengine ya kufanya. Sehemu kubwa ilikutwa sawa, na 39 tu ndiyo iliyohitaji kurekebishwa. Watafiti waliomba radhi kwa barua ya wazi, wakaiondoa makala yao ambayo mkutano wa IEEE wa usalama na faragha ulikuwa umekwisha kuikubali.

Mtetezi wao atasema kwamba miaka iliyofuata imewapa haki. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alitangaza kwamba ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, umefichwa mlango wa siri. Aliufikia kwa kujiuliza kwa nini kuingia kwenye seva kumeanza kuchelewa kama nusu sekunde. Aliyeuweka alijiita Jia Tan, na alikuwa amechangia kwa zaidi ya miaka miwili, mara nyingi mambo ya maana, hadi akakabidhiwa sehemu ya utunzaji. Mtunzaji wa awali alikuwa mmoja, amechoka, na majina mengine yasiyojulikana yalikuwa yakimsakama awaachie wengine kazi. Naukubali ushahidi huo, ila unaelekea kwangu. Jia Tan hakuupenyeza mlango wake kwa kiraka kimoja kilichompita msomaji aliyesinzia. Alipokelewa kwanza kama mtu. Viraka vitano vya Minnesota havikupima hilo hata kidogo. Na kama ni kupima, njia ipo: benki huajiri watu wajaribu kuivunja mifumo yake, kwa mkataba na kwa idhini ya wakubwa wa benki. Watafiti wangeweza kuwaarifu kabla viongozi wachache wa kerneli.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, nami silijibu lote. Kukifungia chuo kizima ni kuwaadhibu wasiohusika, wakiwemo wanafunzi ambao hata habari ya jaribio hawakuwa nayo. Dawa iliyopendekezwa baadaye na ile bodi ya ushauri, kwamba chuo kiwe na mtu mzoefu wa kuvipitia viraka kabla havijatumwa, ingefaa itangulie. Hata hivyo watunzaji walitenda kama watu wengine wanavyotenda mtoaji anapobadilika. Chuo hiki hiki kilitunga Gopher mwaka 1991, na kwa muda Gopher ilikuwa njia maarufu ya kutafuta habari kwenye intaneti. Mwaka 1993 chuo kikatangaza ada kwa baadhi ya wenye seva. Tarehe 30 Aprili mwaka huo huo CERN ikaiachia dunia programu za Wavuti bure. Ada haikuwa sababu pekee ya Gopher kuachwa, lakini wengi walihama kabla hawajadaiwa hata senti.

Pingamizi la tatu ni letu sisi. Kama kinachopimwa ni mtu, je, kijana wa Tanga au Bukavu asiye na jina si atabaki nje? Tazameni OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004, ambao mizizi yake mojawapo iko Eldoret, katika ushirikiano wa AMPATH kati ya Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Kiini chake ni cha wote, na mahitaji ya kila mahali huwekwa katika moduli, faili lenye jina linaloishia na .omod, ambalo hospitali hulipakia bila kukigusa kiini. Mifumo ya KenyaEMR na UgandaEMR imejengwa hivyo. Mwandishi wa moduli kama hizo hahitaji umaarufu. Anahitaji kuwepo kiini kinapobadilika, na jina hujengeka humo humo. Lakini siku ya kwanza hana historia yoyote. Anaishi kwa dhana njema ya msomaji, kwamba aliyetuma kiraka kibaya amekosea tu. Akiba hiyo ndiyo iliyotumiwa na Minnesota, na Jia Tan akaichota zaidi. Mwenye mwajiri mkubwa atadhaminiwa naye. Wa Bukavu hana wa kumtolea dhamana.

Kwa hiyo kamati za maadili za vyuo vyetu, kuanzia Makerere hadi Dar es Salaam, zimhesabu mtunzaji wa programu kuwa binadamu anayefanyiwa utafiti. Lipo pia kosa dogo kuliko la Minnesota, na nadhani la kawaida zaidi: zoezi la darasani linalomtaka mwanafunzi achangie moduli kwenye mradi huria ili apate alama, kisha muhula ukaisha. Mwalimu anayetoa zoezi hilo aandike jina lake kwenye orodha ya watunzaji kando ya la mwanafunzi, maana mwanafunzi atahitimu na moduli itabaki.