Waya Utalala Wapi? Kuchagua Nyaya za Umeme Karibu na Mitambo ya Joto

Ndugu mafundi na wakulima wa Rapsu,

Nimekuja na kipande cha waya. Nilikikata kwenye jenereta ya pampu ya maji, kilikuwa kimepita shubiri moja tu kutoka kwenye ekzosi. Kipitisheni mkono kwa mkono. Upande mmoja mpira bado unakunjika; uliotazama ekzosi umekuwa kahawia, na ukiugusa unapasuka kama tope la mfereji uliokauka. Shaba inachungulia. Fundi aliyeufunga alichagua unene unaofaa kabisa. Hakuuliza waya utalala wapi.

Waya wa kila siku dukani umevikwa PVC, nayo kikomo chake ni nyuzi 70 za Selsiasi. Humo mna joto la mahali pamoja na lile ambalo umeme wenyewe huzalisha ukipita kwenye shaba. Majedwali ya ampea yanaanzia hewa ya nyuzi 30, nasi hapa mchana tumeshazipita. Tupige hesabu. Waya wa milimita za mraba 2.5 ndani ya paipu ukutani hubeba ampea 24. Penye nyuzi 50, zidisha kwa 0.71: zinabaki 17. Ukigusana na bati la jua kali, penye nyuzi 60, zidisha kwa 0.5: zinabaki 12. Sasa hita ya kilowati 3 kwenye volti 240 inavuta ampea 12.5. Breka ya ampea 20 haitaruka, na waya utaendelea kuiva taratibu mwezi hadi mwezi, juu ya vichwa vya watoto waliolala. Hilo linaninyima usingizi.

Kwenye dari yenye joto, tumieni waya uliovikwa XLPE, inayovumilia nyuzi 90. Penye 60 bado inabaki na asilimia 71 ya uwezo wake. Lakini msiichukue kama ruhusa ya kupunguza unene, maana swichi na breka nyingi zinakubali waya wa nyuzi 70 tu pale unapofungwa.

Kwenye oveni ya mkate au jenereta, kwanza sogezeni waya. Umbali hauuzwi. Ikishindikana, kipande cha mwisho kiwe cha silikoni, nyuzi 180, kiungwe kwa konekta ya kauri ndani ya boksi lililo mbali na joto. Tepu hapo itayeyuka gundi. Silikoni nayo ni laini, ukingo wa bati huikata, kwa hiyo ivisheni soksi ya nyuzi za kioo. Na isilale penye dizeli, huvimba.

Someni maandishi ya mgongoni mwa waya kabla ya kulipa. Mkiwa na shaka kama ni silikoni kweli, chomeni kipande kifupi nje, upepo ukiwa mgongoni mwenu, kwa sababu moshi wa PVC ni asidi. Silikoni huacha jivu jeupe, na jivu hilo halipitishi umeme. PVC huacha weusi.