Naftalini na Damu ya Mtoto

Pita Kariakoo, kuanzia Mtaa wa Kongo hadi Msimbazi, utawakuta vijana wakitembeza vidonge vyeupe vyenye harufu kali. Ndiyo naftalini. Tunaitia kabatini kufukuza mende na wadudu wanaotoboa nguo. Katika nyumba zetu za kupanga, ambamo familia nzima hulala chumba kimoja, harufu hiyo nayo inalala humo humo.

Kwa wengi wetu harufu hiyo ni kero tu. Kwa wachache ni hatari, na tofauti iko katika damu waliyorithi.

Chembechembe nyekundu za damu zina kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinachozilinda zisiharibiwe na kemikali fulani. Wapo wanaozaliwa nacho kidogo. Huwapata zaidi wanaume, na mtoto wa kiume hurithi upungufu huo kwa mama yake. Si laana ya ukoo. Mwaka 1960 Dk. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliandika habari za upungufu huu kwa watu wa Afrika Mashariki. Umeenea zaidi penye malaria nyingi, kwa kuwa unamkinga mtu kwa kiasi fulani na malaria kali. Kwa hiyo sisi wa pwani tumeupata kwa mbu.

Mwenye upungufu huu aweza kuzeeka bila kujua anao. Kasoro yenyewe hukaa kimya mpaka ikutane na kichocheo. Mwaka 1956 wataalamu wa Marekani waliigundua walipochunguza kwa nini primakwini, dawa ya malaria, ilipasua chembe za damu za watu fulani na kuwaacha wengine salama.

Naftalini ni kichocheo cha namna hiyo hiyo. Mvuke wake huingia kwa pumzi, na kutoka kwenye nguo hupenya ngozi laini ya mtoto mchanga. Macho yanakuwa ya manjano, mkojo unakuwa mweusi kama kahawa, mtoto analegea na kukataa kunyonya. Manjano ikizidi huharibu ubongo. Mtoto aweza kubaki kiziwi au mlemavu maisha yake yote.

Sasa itazameni desturi yetu. Nguo za mtoto wa kwanza hutunzwa sandukuni pamoja na naftalini. Akizaliwa wa pili, bibi kwa mapenzi yake huzitoa na kumvika siku hiyo hiyo.

Akina mama na akina bibi, nguo, kanga na mablanketi ya mtoto yawekwe mbali kabisa na naftalini. Yafuliwe, yaanikwe juani, yafungwe katika mfuko safi. Mtoto akionyesha manjano, msiishie kumwota jua wala kutafuta mchawi. Mkimbizeni hospitali, na mwambieni muuguzi kama nyumbani mlitumia naftalini.

Damu ya mtoto hatuwezi kuibadilisha. Sanduku tunaweza kulisafisha leo jioni. Hadi juma lijalo, kwaherini.